Furaha ya Kuiona Njia ya Wapagazi

Watu wengi hudhani ya kuwa safari ya kufurahisha sharti iwe ya kwenda mahali penye sifa kubwa. Mmoja ataka kuuona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Mwingine ataka kwenda Unguja akaone mikarafuu na bahari. Wa tatu asema kwamba hapana mahali panapofaa kutazamwa ila Serengeti penye nyumbu na simba. Mtu wa namna hiyo akipanda gari la moshi kwenda Tabora, hujifunika shuka akalala. Akiulizwa baadaye ameona nini njiani, hujibu, "Pori tupu." Jibu hilo si la kweli. Pori la Unyamwezi si tupu. Aliyelala ndiye aliyefika mikono mitupu.

Neno linaloelezwa hapa ni hili: kwamba katika nchi yote ya Tanzania ni vigumu kupata safari iliyo bora, kwa mtu atakaye furaha na faida pamoja, kuliko safari ya kuifuata njia ya zamani ya misafara, itokayo Bagamoyo mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Ujiji penye ziwa Tanganyika. Tena furaha hiyo hainunuliwi kwa fedha nyingi. Hupatikana kwa miguu, kwa macho, kwa masikio, na kwa ulimi wenye adabu. Wako wanaolikataa neno hili, na hoja zao zitasikilizwa; lakini kwanza yafaa njia yenyewe ijulikane.

Kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ni mwendo wa kilometa 1,200 hivi. Katika karne ya 19 hapakuwa na gari wala punda wa kutosha kuchukua mizigo, maana mbung'o waliwaua wanyama njiani. Kwa hiyo kila kitu kilichukuliwa na binadamu. Pembe za ndovu zilishuka pwani, na nguo, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti zilipanda bara, zote juu ya mabega na vichwa vya watu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu yake alichukua mkeka wake, kibuyu chake cha maji na chakula chake. Mwendo wa kutoka pwani mpaka Tabora ulikuwa kama miezi mitatu. Wazungu wawili, Burton na Speke, walipopita njia hiyo mwaka 1857, safari yao ilizidi miezi minne kabla ya kufika Kaze, mji ambao baadaye ulijulikana kwa jina la Tabora.

Waliokuwa hodari kupita wote katika kazi hiyo ni Wanyamwezi. Wao hawakungoja kufundishwa safari na wageni. Walikuwa wakitembea nchi hata nchi kwa biashara ya chumvi, majembe ya chuma na shaba, kisha wakaifungua njia ya kwenda pwani kwa miguu yao wenyewe. Walitoka kwao baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, nao walijitahidi kurudi kabla ya mvua ili wapate kulima. Wengi walifuatana na wake zao. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, mwenye vazi jekundu na manyoya kichwani, akiwaonyesha wenzake njia, na nyuma yake zilifuata ngoma na nyimbo. Siku zile kijana wa Unyamwezi ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kamili. Basi wanaosema kwamba kusafiri kwa kupenda kuona ni desturi ya Wazungu, na kwamba Mwafrika husafiri kwa shida tu, wamesahau habari za babu zao. Mpagazi alifuata ujira, ni kweli. Lakini alifuata pia heshima ya kuwa mtu aliyeiona dunia.

Njia hiyo ilikuwa na majina, na mtu ayajuaye majina hayo husafiri kama asomaye kitabu. Bagamoyo ndipo mzigo ulipotuliwa na moyo ukapumzika. Lakini wako wasemao kwamba jina hilo lilikuwa huzuni kwa mtumwa, ambaye pale aliubwaga moyo wake asitumaini tena kurudi kwao. Mpwapwa palikuwa na maji mazuri, na misafara ilipumzika pale na kununua chakula kabla ya kuikabili Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunyweka. Baada ya nyika hiyo ilikuja Ugogo, nchi ya mibuyu na jua kali, na hapo watemi walidai hongo kwa kila msafara uliopita. Neno hongo siku hizi lina maana mbaya, ni rushwa itolewayo kwa siri. Lakini asili yake katika njia ile ilikuwa ushuru uliotolewa waziwazi kwa mwenye nchi, kwa kuwa mgeni alikunywa maji ya visima vyake na kupita katika ardhi yake. Hata nguo nyeupe iliyotolewa kwa hongo iliacha jina lake katika lugha: iliitwa merikani, kwa sababu ilifumwa katika viwanda vya Marekani ikaletwa Unguja kwa merikebu.

Baada ya Ugogo ilifuata Mgunda Mkali, pori refu ambalo jina lake peke yake liliwatia watu hofu. Wengi waliugua humo, na wengine walikufa kwa njaa na kiu. Aliyevuka Mgunda Mkali akaiona mitama ya Unyanyembe alijua kwamba ameokoka. Kwa hiyo misafara ilipokaribia Kaze watu walivaa nguo zao nzuri, wakapiga ngoma na kupiga bunduki hewani, na wenyeji wakatoka kuwalaki. Mtu afikaye leo Tabora kwa basi, aliyepanda asubuhi akashuka usiku, anaweza kuona kwamba ni mji kama mji mwingine. Lakini akikumbuka kiu ya Marenga Mkali na hofu ya Mgunda Mkali, kivuli cha mwembe wa kwanza atakaoukuta kitakuwa na thamani nyingine machoni pake. Hiyo ndiyo faida ya kuzijua habari za njia: huongeza utamu wa kufika.

Sasa itazamwe nchi yenyewe. Unyamwezi ni nchi ya juu, kama meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, tena ni nchi tambarare yenye mawe makubwa yaliyosimama huku na huku kana kwamba yamepangwa na mikono ya majitu. Sehemu kubwa yake imefunikwa na msitu wa miombo. Msitu huo una jambo la ajabu ambalo asiyetazama hawezi kuliona. Mwezi wa Septemba na Oktoba, jua likiwa kali na ardhi ikiwa kavu kabisa, kabla tone moja la mvua halijaanguka, miti huchipua majani mapya, na majani hayo si ya kijani, bali ni mekundu, ya rangi ya shaba, na mengine kama mvinyo. Msitu mzima huwa kama unawaka moto usiounguza. Mvua zikija majani hugeuka kuwa kijani, na chini yake huota uyoga, ambao wanawake na watoto huuokota kwa vikapu na kuuza kando ya njia.

Katika miombo hiyo nyuki hupata maua mengi, na kwa sababu hiyo asali ya Tabora yajulikana katika nchi nzima. Msafiri mwenye macho huiona mizinga imetundikwa juu ya miti. Akiwa na bahati atamsikia ndege mdogo, ambaye watu wengine humwita mlembe, akilia na kuruka kutoka mti hata mti, akiwaongoza watu mpaka penye asali ili wakiipakua naye apate fungu lake la nta. Mwanadamu na ndege wamefanya mapatano hayo tangu zamani, bila barua wala shahidi. Yuko wapi mtu atakayesema kwamba pori lenye habari kama hiyo ni tupu?

Liko jambo jingine lipasalo kumfurahisha kijana asomaye jiografia. Maji ya mvua inyeshayo magharibi ya Tabora huingia katika mito ya Igombe na Ugalla, na mito hiyo humwaga maji yake katika Malagarasi. Malagarasi huenda ziwa Tanganyika. Kutoka Tanganyika maji hutoka kwa mto Lukuga, yakaingia mto Kongo, na Kongo huyapeleka mpaka bahari ya Atlantiki. Lakini mvua inyeshayo upande wa mashariki, katika bonde la Wembere, haifiki bahari yoyote. Huishia katika maziwa ya Kitangiri na Eyasi, ikakauka kwa jua. Na ile inyeshayo kaskazini zaidi, katika nchi iliyo karibu na ziwa Nyanza, huenda na mto Naili mpaka Misri. Basi mtu asafiriye katika sehemu hizo hupita mahali ambapo maji huagana. Atakayelijua jambo hilo hawezi kulitazama dimbwi la njiani kwa dharau.

Kutoka Tabora kwenda magharibi njia ilipita Uvinza penye chemchemi za maji ya chumvi. Watu wamechemsha maji hayo na kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi ya Uvinza iliuzwa mbali sana kabla ya Mwarabu wala Mzungu kupita huko. Karibu na hapo Malagarasi huenea katika mabwawa makubwa yenye ndege wengi, na mwaka 2000 mabwawa hayo yalikuwa ya kwanza katika Tanzania kuandikwa miongoni mwa sehemu za maji zilindwazo kwa mapatano ya mataifa. Mwisho wa yote nchi hushuka, na mbele ya macho ya msafiri hutokea ziwa Tanganyika, la buluu, refu, na milima ya Kongo ng'ambo yake. Burton na Speke waliliona mwezi wa Februari mwaka 1858; lakini Wajiji walikuwa wakivua dagaa humo tangu siku ambazo hakuna azikumbukaye.

Hayo ndiyo mazuri ya njia. Sasa zije hoja za wanaokataa.

Hoja ya kwanza ni nzito, nayo haifai kujibiwa kwa haraka. Husemwa, "Njia hiyo ni njia ya machozi. Watumwa walipita humo wamefungwa minyororo na nira shingoni. Wengine walianguka wakaachwa kufa. Je, ni haki mtu kwenda huko kujifurahisha?" Walio na hoja hiyo wanasema kweli juu ya mambo yaliyotendeka. Katika njia hiyo watu waliuzwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1876 Sultani Barghash alikataza misafara ya watumwa kutoka bara. Hata hivyo watu walizidi kuibwa na kuuzwa kwa siri kwa miaka mingi, na utumwa wenyewe haukuondolewa kwa sheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Si zamani mno. Babu wa babu wa mtoto wa leo angeweza kuyaona mambo hayo.

Lakini hoja hiyo, ingawa ni ya kweli, haimzuii mtu kusafiri. Humfundisha jinsi ya kusafiri. Ikiwa kila mahali palipotokea uovu pasipitwe tena, watu watakaa wapi? Na wasipokwenda walio wajukuu wa waliochukuliwa, habari hizo zitasimuliwa na nani? Furaha ya safari si kicheko cha mlevi. Iko furaha itembeayo pamoja na huzuni, kama vile mtu arudiye kwenye kaburi la babu yake, akalifagia, akaliwekea mawe, akaondoka moyo wake umetulia. Mtu apitaye njia ile akicheka bila kujua, huyo anawadharau wafu. Mtu akataaye kuipita, naye huwasahau. Aipitaye akijua, akastaajabia uzuri wa nchi na kukumbuka waliopita humo bila kupenda, huyo ndiye awapaye heshima yao.

Tena si haki kuyasimulia mabaya ya njia hiyo na kuuficha uaminifu ulioonekana humo. Karibu na Tabora, mahali paitwapo Kwihara, iko tembe ambayo Stanley alikaa mwaka 1871, na ambayo Livingstone alikaa mwaka 1872 akingoja wapagazi; siku hizi ni nyumba ya kumbukumbu. Livingstone aliondoka hapo mwezi wa Agosti, akafa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, wangaliweza kumzika na kwenda zao. Hakuna aliyewalazimisha kufanya zaidi. Lakini waliukausha mwili wake juani, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti, wakaanza kuuchukua kwenda pwani. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza aitwaye Cameron, ambaye aliwashauri wauzike mwili pale pale, maana njia iliyokuwa mbele ilikuwa ya hatari. Walikataa. Waliendelea, na mwezi wa Februari mwaka 1874 waliufikisha Bagamoyo. Mwezi wa Aprili Livingstone alizikwa London katika kanisa kuu la Westminster, mahali walipozikwa wafalme. Watu husimulia sana habari za yule aliyechukuliwa. Lakini njia ya Tabora ni shahidi wa wale waliochukua.

Na yuko mwingine, Sidi Mubarak Bombay, ambaye maisha yake yangetosha kuijibu hoja hii peke yake. Alizaliwa katika nchi ya Wayao, akakamatwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa na kupelekwa Bara Hindi. Bwana wake alipokufa alipata uhuru, akarudi Afrika. Mwaka 1857 aliingia katika safari ya Burton na Speke; baadaye alikuwa mkuu wa watu katika safari nyingine za Speke, Stanley na Cameron, na pamoja na Cameron aliivuka Afrika yote kutoka bahari mpaka bahari, wakafika pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Mtu aliyevutwa kwa kamba mara ya kwanza alirudi akawa kiongozi wa njia. Je, aliye huru tangu kuzaliwa aiogope njia ambayo Bombay hakuiogopa?

Hoja ya pili ni ya watu wa haraka. Wao husema, "Dunia imebadilika. Gari la moshi lilifika Tabora mwaka 1912, likafika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1928 reli nyingine ikatoka Tabora kwenda Mwanza. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua watu kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma kwa saa chache. Ya nini kufikiri habari za wapagazi?" Hakuna mwenye akili atakayeichukia reli. Reli iliuondoa mzigo begani mwa mtu, na hilo peke yake ni jambo kubwa la kushukuriwa. Mgonjwa aendaye hospitali na afike upesi. Mahindi yaendayo sokoni na yafike kabla hayajaoza. Mwanafunzi aendaye shule na asichelewe. Lakini yafaa kutenga kufika na kusafiri. Mzigo hufika; mtu husafiri. Atakaye kuijua nchi sharti mara moja katika maisha yake ashuke katika chombo chake, apite sehemu ya njia kwa miguu au kwa baisikeli, na aone jinsi kilima kinavyopanda na jinsi maji yalivyo matamu kwa mwenye kiu. Mwenda kwa miguu huona vitu mia katika mwendo ambao mwenda kwa treni huona kimoja. Na hata aliye ndani ya treni anaweza kufungua dirisha.

Hoja ya tatu ni ya maskini, nayo ni ya haki: "Safari ni mali. Mtoto wa mkulima atapata wapi nauli?" Lakini furaha inayosemwa hapa haianzii kwenye kituo cha reli. Njia ya zamani ilikuwa na matawi mengi, na karibu kila wilaya ina njia yake ambayo wazee waliipita kwa biashara, kwa vita, au kwa kwenda kuoa. Mtoto wa Urambo akimwuliza mzee habari za Mtemi Mirambo, aliyepigana na wafanyabiashara wa Tabora mwaka 1871 akaifunga njia ya Ujiji, na aliyekufa mwaka 1884, basi ameanza safari. Mtoto wa Tabora mjini akitembea mpaka Kwihara na kurudi kwa mguu siku ya mapumziko, amesafiri kuliko mtu aliyelala usingizi kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza. Anaweza kusikia njiani habari za Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye mwezi wa Januari mwaka 1893, Wajerumani walipoivunja ngome yake, aliona ni afadhali kuiwasha baruti akafa kuliko kukamatwa. Anaweza kuiona Shule ya Tabora, ambayo Julius Nyerere aliingia mwaka 1937. Anaweza kusimulia jinsi chama cha TANU kilivyokutana katika mji huo mwezi wa Januari mwaka 1958, kikakata shauri la kuingia katika uchaguzi, shauri ambalo watu huliita uamuzi wa busara kwa kuwa lilisaidia kuileta siku ya uhuru. Hayo yote yamo katika mwendo wa miguu. Wahenga walisema, mtembea bure si mkaa bure.

Lakini yako masharti, maana si kila atembeaye husafiri. Kwanza, msafiri sharti asalimu. Afikapo kijijini asianze kuuliza kisima kiko wapi. Aanze na salamu, na akijua ile ya wenyeji itakuwa bora zaidi. Asubuhi akimwambia mzee wa Kinyamwezi "Mwangaluka," huku akiinama kidogo, atauona uso wa mzee ukikunjuka, na pengine ataletewa kigoda na sahani ya matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyopikwa na kukaushwa, ambavyo vilikuwa chakula cha safari tangu zamani. Asikatae, chakula cha mwenyeji hakipimwi kwa wingi wake.

Pili, msafiri sharti aulize, kisha anyamaze asikie. Wako wazee wanaojua mahali misafara ilipolala, kisima kilichimbwa na nani, na kwa nini mti fulani haukatwi. Wazee hao hupungua kila mwaka, na hakuna duka linalouza habari zao wakiisha kufa. Tatu, aandike. Waswahili kadha wa siku za nyuma waliandika safari zao wenyewe, na mwaka 1901 habari hizo zilipigwa chapa katika kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Nacho kimeonyesha kwamba bara hili halikuandikwa na wageni peke yao. Daftari ya shule yenye kurasa chache na kalamu ya risasi yatosha kuanza.

Nne, asiharibu. Miembe mikubwa iliyotia kivuli njia ya misafara inakatwa moja moja kwa kuni na mbao, na tembe za udongo huyeyuka kwa mvua zisipotengenezwa. Mwaka 2006 serikali ya Tanzania iliitaja njia hii miongoni mwa mahali inapotaka paandikwe katika urithi wa dunia, ikazihesabu Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Hilo ni jambo jema. Lakini maandishi ya mataifa hayawezi kumzuia mtu kijijini kukata mwembe, kama hajui kwamba chini yake walipumzika babu zake. Ajuaye huona haya kuinua shoka. Hapo ndipo inapoonekana kwamba kusafiri kwa macho wazi si mchezo tu wa vijana, bali ni ulinzi wa nchi. Maana mtu hakilindi asichokipenda, wala hakipendi asichokijua.

Kwa hiyo kijana aliyemaliza masomo yake ya mwaka, akawa na siku chache za mapumziko, asilalamike kwamba hana fedha za kwenda mbali. Na amwombe baba yake au mjomba wake wafuatane; achukue maji, karanga na daftari; aondoke alfajiri wakati hewa ingali baridi; aifuate njia iliyo karibu na kwao mpaka mahali ambapo hajafika bado. Akutanapo na mtu asalimu. Aonapo jiwe lenye jina aulize jina lake. Wapagazi waliipita njia hii wakiwa na kilo 32 begani, nao waliimba. Yeye apitaye mabega matupu hana udhuru wa kupita amefumba macho.